Kafi Lililosimama Mtoni

Maiti ya mzee Ndayiragije ilikuwa imelazwa kwenye nyasi, kando ya mkono wa mto Ruzizi unaoingia ziwani, na watu waliokusanyika walikuwa wamekwisha kutoa hukumu. Kiboko. Mtu akifa maji pande zile, kiboko ndiye mshitakiwa wa kwanza, na kwa kuwa hana wakili, kesi huishia hapo hapo.

Inspekta Félicien Habonimana alipiga goti. Ndayiragije ndiye aliyemfundisha kushika kafi, yeye na vijana wenzake, enzi zile mto ulipokuwa kimya hata mtu akamsikia samaki akiruka. Machozi yalimlenga, akayameza.

"Mtumbwi uko wapi?"

"Ule kule, chef," alijibu Claire, polisi msaidizi wake. "Iko muzima. Hakuna jino, hakuna ufa."

"Kiboko gani anapindua mtumbwi bila kuugusa?"

Daktari wa serikali, aliyekuwa akivua glavu, alisema mzee alikufa kwa kuzama. Jeraha la kipajini lilitokana na ukingo wa mtumbwi wenyewe.

Félicien akafuata ukingo wa mto, Claire nyuma yake. Hakukuwa na upepo tangu alfajiri, lakini matope mabichi yalikuwa yametapakaa juu ya kingo zote mbili, na magugu maji yalining'inia kwenye matete. Mbele kidogo alimkuta mama mmoja, Noella, akiopoa nguo majini.

"Nani amezitupa?"

"Wimbi, papa Inspekta. Nilikuwa nafua, boti ikapita mbio, maji ikapanda, ikabeba beseni na nguo zote."

"Boti ya nani?"

"Sikuiona, nilikuwa nakimbilia nguo. Sasa zote zinapita mbio. Zamani zilikuwa zinatuonea haya."

Zamani, kweli. Boti ya injini ilipokaribia mtumbwi mahali pembamba, mwenye mtumbwi alichoma mpini wa kafi kwenye matope, bapa juu, akalishika na kungoja. Maana yake: nipite polepole. Nahodha alipunguza moto, boti ikanyata, watu wakaulizana habari za watoto. Hakuna serikali iliyoandika sheria hiyo; ilikuwa adabu tu, na Félicien aliitamani adabu ile kuliko ujana wake. Manahodha wa siku hizi hawaijui. Wavuvi nao wamejifunza kukimbilia matete wakisikia mngurumo tu.

Ndipo akaliona. Kafi la mzee lilikuwa limesimama kwenye maji ya magotini, bapa juu, limechomwa barabara.

"Claire, mzee hakukimbia. Aliuacha mtumbwi ubavu wazi, akangoja apishwe."

"Hakujua vijana habaheshimu?"

"Alijua. Kwa hiyo hakuona kijana. Aliona mtu ambaye yeye mwenyewe alimfundisha."

Na hao aliowafundisha walikuwa wamekwisha. Wengine walikwenda kulima mpunga Luberizi, wengine wako makaburini. Aliyebaki kwenye injini alikuwa mmoja, Vainqueur, ambaye Félicien aliiba naye miwa utotoni na kuchapwa naye pamoja. Njia nzima ya kurudi Uvira aliomba awe amekosea. Alipofika alipitia kwanza kwa mwenye boti, Madame Charlotte, kisha akashuka ufukweni.

Vainqueur alikuwa akiosha boti.

"Leo asubuhi ulipita mtoni?"

"Nilipita. Kama kila siku."

"Mbio?"

"Minye huyu niende mbio? Weye unanijua, Féli. Vijana bananiita Kinyonga."

"Madame Charlotte alikuwa ndani. Anasema hajawahi kufika haraka vile."

Vainqueur aliendelea kusugua mahali palepale.

"Mzee Ndayiragije amekufa, Vainqueur. Kafi lake limesimama mtoni."

Kitambaa kikamdondoka.

"Ulimwona?"

"Nilimuona."

"Akisimamisha kafi?"

"Akisimamisha." Akaketi kwenye ukingo wa boti. "Madame alisema iko na mpango wa kumupa kijana Lionel hii boti, juu ya vile Lionel anajua mbio. Nimezeekea kwenye hii injini, Féli. Nikitoka hapa, minye ni nani? Nikataka aone kama na minye naweza. Muzee akasimamisha kafi. Nikajisemea, leo tu. Kesho nitamuomba musamaha, atacheka. Nikaongeza gesi. Sikugeuka nyuma."

"Angekuwa mgeni kwenye usukani, mzee angekimbilia matete."

"Najua. Ndiyo ile inaniua."

Maji yakimwagika hayazoleki. Félicien alikaa kando yake. Alikuwa amepoteza watu wawili siku moja, na wa pili yungali hai.

"Twende," alisema mwishowe. "Kabla ya ofisi, tutapita kwa mjane wake, mama Pudentienne."

"Hapana, Féli. Nipeleke tu kachoni, unifungie."

"Utapita."

Hakumfunga pingu. Nyumbani kwa marehemu wanawake waliimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini. Mjane alipomwona Vainqueur aliinuka, akasukuma watu waliokuwa wakimshika, akamkumbatia kwa mikono miwili.

"Mwanangu, afadhali umefika. Hawa wengine habakumujua vizuri. Ona kiboko, imetuulia muzee."

Vainqueur alimtazama Félicien. Félicien alitazama chini.

"Haikukuwa kiboko, mama," alisema Vainqueur, bado mikono ya mama ikiwa mgongoni mwake. "Ni minye."