Mwangaluka ya Jioni

Jua lilikuwa linazama sauti ilipotoka kwenye matete na kusema, "Mwangaluka."

Lukresia aliacha kupiga kasia. Msukuma yeyote anajua mwangaluka ni salamu ya asubuhi. Jioni watu husema mwadila. Lakini mumewe, Joakim, hakuwa mtu wa kuacha utani upite. Akaitikia kwa furaha, kana kwamba anamjibu mama fulani, "Mwangaluka, mayu." Kwenye matete hapakuwa na mtu.

Walikuwa wametoka Malampaka kuja fungate, ndoa yao ikiwa bado mbichi. Miaka hiyo watu binafsi walikuwa wameanza kuruhusiwa kununua pamba, na mmoja wao, Januarius, alipotajirika alikodi lambo kubwa upande wa Nkololo, akaweka mahema, mitumbwi na bia baridi, akapaita kambi ya mapumziko. Kwamba wafugaji walikuwa wameacha zamani kunywesha ng'ombe pale, hilo hakuwaambia wageni wake.

Milembe, mpishi wa kambi, aliposikia habari ya sauti ile aliweka mwiko chini.

"Mmeitikia?" akanong'ona. "Mle mna jini, dada. Jua likizama, kwake ndiyo kunakucha. Ukiliitikia, linachukua sura yako. Kesho ondokeni."

Joakim alicheka mpaka akapaliwa. Kesho yake kutwa alimsalimia mkewe mwangaluka: kwenye chakula cha mchana, kwenye kuoga, hata alipomwomba chumvi. Lukresia alimsihi aache, asiache. Alasiri akataka wazunguke lambo mara ya mwisho, na Lukresia akapanda mtumbwi kwa sababu aliogopa zaidi kumwacha aende peke yake. Alimpenda mno yule mwanaume mjinga.

Jua lilipogusa maji, harufu ya tope bichi ilipanda. Joakim alikuwa mbele, amempa mgongo, akivuta jiwe la nanga. Nyuma ya Lukresia maji yaligawanyika taratibu, kichwa cha Joakim kikaibuka, midomo ikimtetemeka.

"Luke," kikanong'ona. "Huyo si mimi. Limenivuta. Nisaidie."

Lukresia alikitazama kile kichwa, akautazama mgongo wa mbele. Akakumbuka salamu. "Mwadila," alinong'ona.

"Mwadila," kikaitikia papo hapo.

Akamgeukia yule wa mbele, ameshika kasia kwa mikono miwili. "Mwadila, Joakim."

"Mwangaluka, mke wangu," akajibu bila kugeuka, mabega yakitikisika kwa kicheko.

Lukresia alimpiga kisogoni, mfupa ukalia, akampiga tena alipogeuka na uso uliojaa damu na mshangao, akampiga alipoanguka majini, na mkono uliporudi kung'ang'ania ukingo wa mtumbwi aliviponda vidole kimoja baada ya kingine huku akilia na kumwomba Mungu, na yeye chini yake akisema ni mimi, Luke, ni mimi, mpaka maji yakamjaa kinywani na lambo lote pale likawa jekundu.

Kisha akampa mkono yule wa nyuma, akampandisha.

Usiku kucha mwanaume yule alikaa macho mlangoni mwa hema, akitazama lambo. Alinuka tope. Lukresia alijiambia kwamba yeyote aliyetoka majini angenuka hivyo, akamfunika shuka, akamshukuru Mungu kwa kumrudishia mume.

Alfajiri Milembe alileta chai. Kabla hajafungua kinywa, mwanaume alipiga miayo, akamtabasamia.

"Mwadila, dada," alisema. "Chai ya nini saa hizi, na kunakuchwa?"

Birika lilimponyoka Milembe. Lukresia alielewa kwamba jana kile kichwa kilirudisha tu neno alilolitamka yeye, na Joakim aliyejibu mwangaluka alikuwa anatania. Alitaka kupiga kelele, lakini mkono wa baridi ulishamshika kiunoni ukimvuta kitandani.

"Njoo tulale, Luke," mumewe akasema. "Jioni tutaamka."