Harufu ya Bisi

Harufu ya bisi ilianza Jumatatu, saa nane mchana, na hakuna aliyekaanga bisi. Fundi cherehani alitoa mguu kwenye pedali akanusa. Jiko lilikuwa baridi. Alipoinama chini ya meza ya kukatia, aliona vipande vya vitambaa alivyovifagia asubuhi vimerudi mahali pamoja, vimebonyea katikati kama vimelaliwa. Binti yake alikuwa na tabia ya kulala palepale akitoka shule, enzi za uhai wake. Fundi alipapasa pale palipobonyea. Palikuwa na joto.

"Umekaanga bisi?" mumewe aliuliza jioni, akivua buti mlangoni.

"Sijakaanga."

Mume alinusa tena, buti moja mkononi. Alikuwa askari wa wanyamapori, na harufu ile aliijua: ndivyo chui anavyonuka anapoweka alama kwamba mahali fulani ni pake.

Mtaani walimwita Bwana Nyama. Siku hizi alikuwa akizunguka mashuleni kufundisha watu wafanye nini wakikutana na mnyama ghafla. Usikimbie. Usimpe mgongo. Usimkodolee macho. Rudi nyuma taratibu. Akishaanza kukujia, hapo sasa piga kelele, rusha mawe, inua mikono uonekane mkubwa. Mwisho wa somo husimulia habari ya njia ya kisimani, miaka miwili nyuma: yeye, mkewe, binti yao wa miaka sita, na chui katikati ya njia. "Tulitulia," husema, "ndiyo maana wawili kati yetu tuko hai." Walimu humpa mkono kwa heshima.

Mkewe aliikumbuka siku hiyo jinsi ilivyokuwa. Chui alisimama hatua kumi na tano mbele yao. Mume akasema, "Tulieni." Mtoto alitaka kukimbia, na yeye mama mtu ndiye aliyemkamata kifundo cha mkono. Chui akalaza masikio, akaanza kuja. Mama akangoja neno la pili, maana somo lile alilijua kwa moyo na sasa ilikuwa zamu ya kelele. Neno halikuja. Aligeuza macho akamwona mumewe kinywa wazi, hana sauti. Yeye naye hakupiga kelele, kwa kuwa alikuwa akingoja kuambiwa. Jioni, nyumba ikiwa imejaa waombolezaji, aliifua suruali ya kazi ya mumewe. Ilikuwa imelowa mkojo, na buti zake pia. Hakumwambia mtu.

Jumatano ikaja sauti. Kwanza alidhani ni seremala anapasua ubao kwa msumeno, kra-kra, kra-kra, kisha akakumbuka kwamba mtaa ule hauna seremala. Ilitoka chini ya meza.

Mganga aliyeitwa alikuwa mama mnene mwenye mafua, asiyependa maneno mengi. Alichungulia chini ya meza, akapenga kamasi, akakaa mbali.

"Huyu si chui, ni jini kavaa chui," alisema kwa sauti ya chini. "Chui ukimtulia hupita zake. Huyu ukimtulia anaona amekaribishwa. Alikuja kwa sababu ya ukelele uliobaki kooni siku ile."

"Wa nani?" Bwana Nyama aliuliza.

"Wa mama wa mtoto. Akiupiga, huyu anatoka. Wewe hata upige mpaka koo lipasuke, hasikii."

"Mama, mimi ni mtu wa wanyama. Tukitulia tu…"

"Baba, utulivu wako umeshatosha," mganga alisema, akachukua mkoba wake akaenda.

Ijumaa mchana Bwana Nyama alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, akipitia karatasi za somo lake. Mkewe alikuwa akishona. Harufu ya bisi ikapanda, ikawa nzito kiasi cha kuonjeka ulimini, na ile sauti ya msumeno ikaanza, ikanyamaza, ikaanza tena karibu zaidi, na vitambaa vya chini ya meza vikatikisika, vikafunguka, na kutoka humo likanyanyuka bega la manjano lenye madoa, kisha bega la pili, polepole, kama mtu anayeamka usingizi wa mchana asiye na haraka na yeyote, na macho yake yalipompitia fundi hayakusimama, yakaenda moja kwa moja mpaka kwenye kiti cha wateja.

"Mke wangu," mume alinong'ona. "Unamwona?"

"Namwona."

"Piga kelele."

Mguu wa fundi uliendelea na pedali. Ukelele ulikuwepo. Aliusikia chini ya shingo, mzima, haujapungua hata chembe kwa miaka miwili.

"Piga, mama yake! Mganga alisema wewe. Tafadhali."

Mnyama alilaza masikio. Fundi aliitazama suruali ya mumewe, akaona weusi unavyoteremka pajani, unavyofika gotini. Mkono wake wa kulia ulikaza, kama ulioshika kifundo cha mtu mdogo.

"Tulia, baba yake," alisema taratibu. "Usikimbie. Usimkodolee macho."

"Nakuomba…"

"Tulia."

Majirani walikuja baadaye, kwa sababu ya sauti ya mwanamume. Walimkuta fundi kwenye cherehani, shati analoshona limebakiza kola tu. Kiti cha wateja kilikuwa kimelala ubavu, buti mbili ziko chini yake, na mburuzo wa damu uliishia chini ya meza, penye ukuta usio na mlango wala dirisha. Dada mmoja alimshika mabega, akilia.

"Mwenzetu, wewe umeponaje?"

"Nilitulia," alisema.

Alipobaki peke yake, alifagia vipande vya vitambaa, akavikusanya upya chini ya meza, akapapasa katikati. Palikuwa na joto. Akafungua kinywa, ili amfukuze sasa, na akakaa hivyo mpaka taya likamuuma. Haukutoka hata mkwaruzo.