Jina la Dereva kwenye Fomu

Kila siku baada ya masomo, Karani alipitia posta kabla ya kwenda nyumbani. Alifungua sanduku la barua kwa ufunguo mdogo aliouvaa shingoni, akatoa kilichokuwamo, kisha akavuka barabara hadi kwenye kibanda cha babu yake, fundi saa. Hapo alivua viatu, akakaa kwenye kigoda na kusoma kwa sauti kila karatasi iliyokuja: bili ya umeme, tangazo la duka la magodoro, barua ya mteja aliyeulizia saa yake. Babu alisikiliza huku vidole vyake vikiendelea na kazi.

Karani halikuwa jina lake la shuleni. Alibandikwa jina hilo na mama yake, kwa sababu mwandiko wake ulinyooka kama uliopigwa chapa, na fomu zote za nyumba ile zilijazwa na yeye. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Mama yake alikuwa msoma mita wa idara ya maji. Alitembea kutwa nzima mtaa kwa mtaa, na jioni hakutaka kuona tarakimu wala fomu nyingine. Mjomba wake, mdogo wa mama, alikiri mwenyewe kwamba mwandiko wake ulifanana na nyayo za kuku aliyepita kwenye unga.

Babu naye zamani aliandika vizuri, ila macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Daktari alisema ni mtoto wa jicho. Hospitali iliyofanya upasuaji huo kwa bei nafuu ilikuwa katika nchi jirani, mwendo wa saa nne kwa gari. Wakati wa likizo Mjomba alimpeleka kwa gari la Babu mwenyewe, na Karani alikaa kiti cha nyuma. Jicho la kushoto lilifanyiwa upasuaji, wakarudi kesho yake Babu akiwa na bandeji.

Bandeji ilipotolewa jicho hilo liliona vya mbali, lakini herufi bado halikuzisoma; miwani ya kusomea angepewa baada ya jicho la kulia, lililopangiwa tarehe ya miezi miwili mbele. Hilo ndilo jicho ambalo Babu alibania kioo cha kukuzia kila alipofungua saa. Mpaka litibiwe, alipokea kazi nyepesi tu, kama kubadilisha betri na mikanda. Saa zenye vyuma vidogo vidogo alizifungia kwenye droo, akawaomba wenyewe wamvumilie.

Mwezi mmoja baada ya safari ile, Karani alikuta bahasha ndefu ya kijivu ndani ya sanduku. Ilikuwa na stempu ya nchi jirani na jina la Babu. Alidhani imetoka hospitali, akaifungua palepale kwenye ngazi za posta. Iliandikwa kwa lugha ya kule, ambayo Karani alifundishwa shuleni tangu darasa la tatu.

Haikutoka hospitali. Ilitoka ofisi ya usalama barabarani. Ilisema kwamba gari la Babu lilipita mbele ya shule kwa kilomita sitini na nane kwa saa, mahali ambapo mwisho ni arobaini. Kulikuwa na picha ndogo ya gari, imepigwa kwa nyuma, na namba zake zikisomeka vizuri. Tarehe ilikuwa ya siku waliyorudi.

Karani alipakumbuka mahali hapo. Watoto wenye sare za njano walikuwa wamejipanga kando ya barabara, na mwanamke aliyeshika kibao cha kusimamisha magari alikuwa ameshateremka kuwavusha. Mjomba alikuwa akisimulia kisa fulani cha kuchekesha. Yule mwanamke aliruka nyuma hatua mbili, gari likapita.

“Barua gani hiyo inayokukunjisha uso, mjomba?”

Alikuwa Mjomba, ameegesha gari mbele ya posta. Karani alimsomea yote. Mjomba alisikiliza, kisha akaichukua barua na kuigeuzageuza kana kwamba upande wa nyuma ungekuwa na habari nafuu zaidi.

“Na hii fomu?”

“Mwenye gari anatakiwa ataje aliyekuwa anaendesha. Jina, namba ya leseni, na nakala ya leseni. Halafu aweke sahihi. Dereva atalipa faini, na leseni yake itawekewa alama.”

Mjomba alishusha pumzi. Mwisho wa mwezi alitarajia kuanza kazi ya udereva wa basi la shule, kazi aliyoihangaikia mwaka mzima. Sharti la kwanza lilikuwa leseni isiyo na alama hata moja, ya nyumbani au ya nje.

“Andika jina la Babu,” alisema hatimaye.

“Lakini Babu hakuendesha.”

“Najua. Sikiliza. Babu haendeshi tena, leseni yake imelala tu kwenye droo. Wakiiwekea alama, nani ataumia? Faini nitalipa mimi, mpaka senti ya mwisho. Picha imepigwa kwa nyuma, haina sura ya mtu.” Aliinama kidogo. “Nisaidie, mjomba wangu. Nikiikosa kazi hii, sijui nitashika lipi.”

Karani alimpenda mjomba wake. Ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli, na ndiye aliyemwuguza wiki nzima alipovunjika mkono. Siku ile ile aliijaza fomu kwa herufi zake zilizonyooka. Mjomba alitoa nakala ya leseni ya Babu iliyokuwa imechakaa, na hakuna kati yao aliyeangalia tarehe zake. Kilichobaki kilikuwa sahihi.

Kesho yake Karani aliiweka fomu kwenye meza ya kibandani, kati ya kibano na kopo la mafuta.

“Ya nini hii?” Babu aliuliza.

“Ya hospitali, Babu. Ya jicho la pili.”

“Haya, nisomee.”

Karani alitazama karatasi, akasoma maneno ambayo hayakuwapo. Alisema mgonjwa anakubali kufika kwa tarehe aliyopangiwa, na kwamba asile chochote asubuhi hiyo. Sauti yake haikutetemeka, jambo lililomshangaza yeye mwenyewe.

“Weka kidole pale pa kusaini, nikifuate,” Babu alisema.

Karani aliweka kidole. Babu akasaini kandokando ya kucha yake.

Mjomba alilipa faini kupitia benki na kuituma fomu kwa posta ya rejista. Siku kumi na nane zilipita. Kisha ikaja bahasha nyingine ya kijivu, na safari hii mhudumu wa posta alimtaka Karani asaini kwenye daftari kabla ya kumkabidhi.

Aliisoma mara mbili akiwa amesimama kaunta. Leseni ya dereva aliyetajwa ilikuwa imekwisha muda wake miaka mitatu iliyopita. Kuendesha bila leseni halali mbele ya shule hakumalizwi kwa faini. Dereva huyo alitakiwa kufika mahakamani, na akionekana mpakani kabla ya siku ya kesi atazuiwa yeye pamoja na gari. Kesi ilipangwa wiki mbili baada ya tarehe ya upasuaji. Upasuaji wenyewe ulibakiza siku tisa, na hospitali ilikwisha kuwaambia kwamba anayekosa tarehe yake huanza foleni upya. Foleni ile ilikuwa ya miezi minane.

Alimpelekea Mjomba habari. Mjomba alikaa kwenye bampa ya gari, mikono ikining’inia.

“Labda tukodi gari lingine,” alisema.

“Wamesema atazuiwa Babu mwenyewe, siyo gari tu.”

“Basi nipe siku mbili nifikirie.”

Siku mbili zikapita, na ya tatu ikafuata. Mjomba alikuwa bado anafikiria. Siku ya nne Karani aliingia kibandani, akakaa kwenye kigoda, akafungua gazeti. Alisoma habari ya daraja jipya hadi katikati ya sentensi, akanyamaza.

“Mbona umekatika kama redio?” Babu aliuliza.

“Babu, ile fomu uliyosaini haikuwa ya hospitali.”

Babu aliweka kibano chini taratibu. Karani alieleza kila kitu, tangu bahasha ya kwanza. Alipofika kwenye maneno aliyoyatunga, alilia, lakini hakuacha kusimulia.

“Barua zote mbili unazo?”

“Ninazo kwenye mkoba.”

“Nisomee sasa. Zote. Usiruke mstari.”

Karani alisoma. Babu alipangusa kioo cha saa ambacho kilikwisha kuwa safi.

“Siku ile jicho moja lilikuwa na bandeji, na la pili halikuona hata vidole vyangu,” alisema. “Na nyinyi mkaniweka kwenye usukani! Ningeendesha mimi, msingerudi na habari ya kuandika.” Karani hakujua kama acheke au aendelee kulia. “Kamwite mjomba wako. Na mama yako akitoka kazini, aje moja kwa moja hapa.”

Jioni ile kibanda kilijaa. Mama aliposikia, hakumtazama Karani kwanza, alimgeukia ndugu yake.

“Umemtuma mtoto amdanganye baba yetu? Mtoto wangu?”

“Nimekosa, dada. Sina la kujitetea.” Kisha Mjomba alimgeukia Babu. “Baba, naomba unisamehe. Niliogopa kuikosa kazi, nikadhani nimepata njia fupi.”

“Msamaha utaupata,” Babu alijibu, “lakini hautanivusha mpakani. Pigeni simu kwa hao watu.”

Asubuhi Mama alipiga namba iliyokuwa chini ya barua, na Karani akatafsiri. Mwanamke aliyepokea alizungumza taratibu na hakugomba. Alisema maelezo ya uongo yanaweza kusahihishwa kabla ya siku ya kesi, ikiwa aliyeendesha kweli atafika yeye mwenyewe kwenye ofisi ya mpakani akiwa na leseni yake na hati ya kiapo iliyogongwa mhuri wa wakili. Kila siku anayochelewa, alisema, inafanya jambo liwe zito zaidi.

Siku iliyofuata Mjomba alikuwa kwa wakili. Siku ya pili yake alikuwa mpakani, na Karani alikwenda naye ili kutafsiri. Walisafiri kwa basi. Ofisi ilikuwa chumba chembamba chenye benchi moja, feni iliyokwaruza, na kaunta yenye kioo. Nyuma ya kioo alikaa yule yule mwanamke wa kwenye simu, amevaa sare iliyopigwa pasi vizuri. Alilinganisha fomu ya zamani na hati mpya.

“Fomu hii aliandika nani?” aliuliza.

“Mimi,” Karani alisema.

“Nani alikuambia uandike jina hili?”

Karani alimtazama Mjomba. Mjomba hakungoja tafsiri, alielewa swali kwa macho tu. “Mwambie ni mimi,” alisema. “Na mwambie niliyeendesha ni mimi. Watoto niliwaona, na sikupunguza mwendo.”

Karani alitafsiri neno kwa neno. Mwanamke aliandika kwa dakika kadhaa, kisha akasoma alichoandika. Jina la Babu liliondolewa na kesi yake ikafutwa. Mjomba aliwekewa alama kwenye leseni kwa mwendo wa kasi, akatozwa faini nyingine kwa maelezo ya uongo, na akapewa onyo la maandishi. Mtoto hakuandikwa popote.

“Mwaka jana mtoto mmoja aligongwa pale pale,” mwanamke alisema huku akigonga mhuri. “Kamera ile iliwekwa baada ya hapo.”

Karani alipotafsiri, Mjomba aliinamisha kichwa. Njia nzima ya kurudi hakusimulia kisa chochote.

Jumatatu alikwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu wa shule yenye basi, akaiweka barua ya onyo mezani kabla hajaulizwa. Mwalimu mkuu alimshukuru kwa kusema kweli, lakini kazi hakumpa. Alimwambia arudi baada ya mwaka mmoja, alama zikishafutwa. Mjomba aliajiriwa kupakia mizigo kwenye ghala la saruji.

Babu alivuka mpaka siku iliyopangwa. Askari aliangalia hati yake ya kusafiria, akaigonga mhuri na kumtakia safari njema. Upasuaji ulichukua chini ya saa moja. Baadaye Babu na Karani walikaa kwenye benchi la ukumbi wa hospitali, wakimsubiri Mama aliyekwenda kuchukua dawa.

“Babu, bado umenikasirikia?”

“Nilikasirika. Sasa imepungua.” Babu aligusa kingo za bandeji mpya, akashusha mkono. “Nikuambie tofauti niliyoiona mimi. Mjomba wako barabarani alikosea kwa sekunde chache. Ni kosa baya, tena lingeweza kuua mtoto wa mtu, lakini hakukaa kulipanga. Lile la kwenye fomu mlikaa nalo. Mlichagua jina, mkatafuta nakala, ukanisomea fomu ya hospitali isiyokuwapo. Faini ya kwanza ililipwa siku moja ikaisha. Huo uongo ndio uliotaka kuninyima jicho.”

“Mjomba aliniomba, Babu. Nilimwonea huruma.”

“Najua. Na kumhurumia si kosa. Lakini anayemsomea mtu asiyeona ameshika macho ya mwenzake. Ukisoma kisichoandikwa, unampeleka asikojua.” Muuguzi akapita na kigari cha dawa. “Mtu mzima akikutaka uandike uongo, hata awe yule unayempenda kuliko wote, kumbuka kalamu iko mkononi mwako wewe. Iweke chini, uje kuniambia mimi au mama yako. Na uje siku hiyo hiyo, mjukuu wangu, usingoje barua ya pili.”