Chupa ya Jumatatu

Siku nyingine za wiki Nthenya alishuka mlima na mkoba wa vitabu tu. Jumatatu alishuka na kiondo kidogo pia. Ndani ya kiondo kulikuwa na chupa iliyowahi kuwa ya dawa ya kikohozi, imefungwa kwa kitambaa tabaka tatu kama mtoto mchanga asiyetakiwa kupigwa na baridi. Na ndani ya chupa kulikuwa na mkojo wa nyanya yake Syokau, ambaye yeye alimwita susu, kama Wakamba wanavyowaita nyanya zao.

Msicheke bado. Chupa ile ilikuwa na kazi kubwa kuliko wengi wetu. Mwaka huo wa 1986, Daktari Kinuthia kutoka Nairobi alikuwa akifanya utafiti kuhusu ugonjwa wa sukari. Alitaka kujua jambo moja: je, wazee wa milima ya Mbooni wanaweza kutibiwa karibu na nyumbani, au ni lazima waende hospitali kubwa ya Machakos, safari ambayo wengi wao waliiacha baada ya mara ya pili? Wagonjwa arobaini waliandikwa katika daftari la dispensari ndogo iliyopakana na shule ya akina Nthenya, chini ya soko la Kikima. Mgonjwa angebaki nyumbani na vidonge vyake, na kila Jumatatu chupa yake ingetembea badala yake.

Nyumbani kwao chupa hiyo haikuitwa chupa. Ilikuwa aibu kwa mjukuu kuuona mkojo wa susu yake, na aibu kubwa zaidi kuutaja. Kwa hiyo Syokau aliifunga mwenyewe alfajiri, akaitia kwenye kiondo, halafu akasema barua iko tayari. Nthenya alichukua barua bila kuuliza, mama yake Kasyoka akageuka upande mwingine, na mtu yeyote aliyekutana naye njiani akakisalimia kiondo kwa heshima na kupita. Susu mwenyewe alikuwa na onyo moja tu.

"Ibebe kama maziwa ya mtu mwingine," alisema.

Nthenya alikuwa darasa la sita, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kukimbia, na kukimbia ndiko kulikomponza. Jumatatu moja ya mwezi wa nne mvua ilikuwa imeloweka njia, na kengele ya shule ilikuwa karibu kulia. Alipofika penye mteremko wa mashamba ya kahawa miguu ilimtangulia. Alikaa kitako kwenye matope, kiondo kikaruka, kizibo kikatoka. Alipofungua kitambaa alikikuta kimelowa, na chupa ilikuwa tupu.

Alisimama akapiga hesabu. Kurudi juu ni nusu saa. Kushuka tena ni nusu saa nyingine. Mwalimu wa zamu alikuwa na fimbo yake ya waliochelewa, na siku hiyo kulikuwa na mtihani wa hesabu. Halafu susu angelazimika kuulizwa kama ana mwingine, na hayo ni maneno ambayo hakuna mjukuu angeweza kuyatoa mdomoni. Nthenya alitazama kushoto na kulia, akaingia nyuma ya mbuni mmoja, mti mnene wa kahawa, akachuchumaa na ile chupa. Chupa ikajaa, ikazibwa, safari ikaendelea.

Dispensarini alimkuta Sista Gathoni, muuguzi aliyetoka Murang'a na kujifunza Kikamba ambacho wanawake wazee walikipenda kwa sababu kiliwachekesha. Sista alitia matone ya mkojo kwenye kichupa chembamba chenye dawa ya rangi ya bluu, akakipasha moto juu ya taa ya spiriti. Nthenya alizoea kuutazama mchezo huo. Mkojo usio na sukari uliiacha dawa ikiwa bluu. Wenye sukari uliigeuza kijani, halafu manjano, halafu rangi ya chungwa, na sukari ikiwa nyingi sana dawa ilikuwa nyekundu kama tofali. Wa susu, katika wiki chache tangu utafiti uanze, ulikuwa ukifika kwenye chungwa.

Siku hiyo ulibaki bluu.

Sista Gathoni alikipasha kichupa mara ya pili. Bluu. Akatabasamu mpaka mashavu yakapanda, akaandika kwenye daftari la utafiti, akamzawadia Nthenya penseli mpya na kumwagiza akamwambie susu kwamba vidonge vinafanya kazi nzuri. Nthenya alitoka na penseli yake akijiona mjanja wa wilaya nzima.

Kama mambo yangeishia hapo, ningekuwa nawasimulia kichekesho tu. Lakini Jumapili iliyofuata Syokau alisimama kanisani wakati wa ushuhuda. Alikuwa amevaa leso yake ya sikukuu. Alieleza jinsi Mungu alivyouondoa ugonjwa mwilini mwake, na jinsi dawa ya daktari iliyokuwa ikibadilika rangi kila wiki ilivyokataa kubadilika. Wanawake wakaimba, mchungaji akapiga makofi. Nthenya, kwenye benchi la watoto, alisikia kila neno.

Kwa hiyo Jumatatu, kiondoni mkiwa na barua ya kweli, alisimama tena nyuma ya ule mbuni. Aliwaza kwamba rangi ya chungwa ikitokea, susu ataonekana mwongo mbele ya kanisa zima. Akaimwaga chupa. Akaijaza upya.

Baada ya hapo kazi ikawa rahisi. Uongo wa pili hauchoshi kama wa kwanza, na wa tatu alianza kuufurahia. Alimsimulia Ndululu, mvulana wa darasani kwao ambaye kila Jumatatu alikuwa akimkejeli kwa kumwita Mama Chupa. Ndululu alicheka mpaka akakaa chini. Wiki moja Nthenya alifika kwenye mbuni akiwa hana kitu cha kutoa, na Ndululu akajitolea kwa moyo mkunjufu. Hivyo ndivyo mkojo wa Ndululu, mvulana wa miaka kumi na mitatu, ulivyoingia kwenye utafiti wa Daktari Kinuthia ukiwa umeandikwa: Syokau, mwanamke, miaka sitini na minne, hakuna sukari.

Daktari alikuja kila mwisho wa mwezi kusoma daftari. Alipoona bluu nne mfululizo, aliagiza Syokau apunguziwe vidonge kutoka viwili hadi kimoja. Alipoona bluu nne nyingine, aliagiza aviache kabisa, aangaliwe kwa chupa tu. Sista Gathoni alimpa Nthenya habari hizo akiwa na furaha, naye Nthenya akazipeleka nyumbani. Susu akarudisha sukari kwenye chai yake, vijiko vitatu.

Halafu mtungi ukaanza kuisha mapema. Nthenya ndiye aliyekwenda mtoni, kwa hiyo aliona kabla ya mtu mwingine. Susu alikunywa asubuhi, akanywa katikati ya chakula, akaamka usiku kunywa. Mikono yake ikawa myembamba, leso ikazunguka kiuno mara mbili. Kasyoka alisema ni uzee. Watu wa kanisa walisema ni kufunga na kuomba. Nthenya hakusema kitu, na hapa tusimtetee: alijua. Sista Gathoni alikuwa amewafundisha dalili hizo shuleni, na Nthenya mwenyewe ndiye aliyenyoosha mkono kuzitaja. Kila Jumatatu alijiambia wiki ijayo atapeleka chupa ya kweli. Kila Jumatatu akaona imeshakuwa ngumu zaidi kuliko Jumatatu iliyopita.

Mwezi wa kumi kijiwe kiliingia kwenye akala ya susu, kiatu chake cha tairi. Alitembea nacho siku nzima shambani bila kukisikia, kwa sababu sukari ilikuwa imeshaua hisia za nyayo zake. Kidonda kikatokea. Syokau akakifunga kwa kitambaa akakificha, maana mtu aliyetoa ushuhuda wa kupona hawezi kuonekana akiuguza. Ni harufu iliyomfichua. Kasyoka alifungua kitambaa Alhamisi moja asubuhi, akamtuma Nthenya kwa jirani kuazima wilbaro. Walimteremsha susu mlimani humo ndani, amejifunika uso.

Ulikuwa mwisho wa mwezi, na Daktari Kinuthia alikuwa dispensarini siku hiyo. Alikitazama kidonda, hakupenda alichokiona, akaomba mkojo upimwe papo hapo. Sista Gathoni alipasha kichupa. Dawa haikupita hata kwenye kijani kwa muda wa kuitazama. Ikawa tofali.

Daktari alifungua daftari. Aliuliza kwa sauti ya chini ni vipi mtu mwenye bluu tangu mwezi wa nne anaweza kuwa na hii leo. Akasema hapa pana mambo mawili tu: ama dawa ya kupimia imeharibika, ama kuna anayeandika bila kupima. Kwa vyovyote, alisema, majibu ya wagonjwa wote arobaini hayana maana, na utafiti utafungwa. Wazee watarudi kwenda Machakos. Sista Gathoni aliizima taa ya spiriti na kuiweka mezani.

Nthenya alikuwa amesimama karibu na mlango, na mlango ulikuwa wazi. Angeweza kutoka. Mpaka leo hajui kwa nini hakutoka.

"Sista hakuandika uongo," alisema. "Chupa zilikuwa zangu. Na moja ilikuwa ya Ndululu."

Hakuna aliyemwelewa mara ya kwanza, ikabidi arudie yote: matope, mbuni, ushuhuda, Jumatatu moja baada ya nyingine. Kasyoka alimvuta mtoto wake kwa bega kana kwamba anataka kumpiga, kisha akamwachilia. Susu, aliyekuwa amelala kwenye benchi, aliondoa leso usoni.

"Ulikuwa unaimwaga wapi?" aliuliza.

"Kwenye kahawa, susu."

"Na mimi nilikuwa naona aibu kukuuliza kama ilifika," Syokau alisema, akajifunika tena.

Alipelekwa Machakos jioni hiyo kwa gari la daktari. Madaktari wa huko walijaribu wiki nzima kuuokoa mguu, wakashindwa. Waliukata chini ya goti.

Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata, susu akiwa amesharudi nyumbani na mkongojo, Daktari Kinuthia alipanda mlima kwa miguu na daftari kwapani. Alikaa kwenye kigoda uani, akamwita Nthenya, akamwonyesha ukurasa wa Syokau. Mistari yote ya bluu ilikuwa imekatwa kwa wino mwekundu, mmoja baada ya mwingine. Alieleza kwamba, kwa kuwa Nthenya alisema ukweli, dawa ya kupimia iliaminika, na kazi ya wagonjwa wengine thelathini na tisa haikupotea. Dispensari ingeendelea kutibu sukari. Ila sasa kila mgonjwa angeonwa ana kwa ana mara moja kwa mwezi, na asiyeweza kushuka angefuatwa kwake. Syokau alikuwa amerudia vidonge viwili na kuongezewa cha tatu, na sukari ilikuwa imeshuka.

Nthenya aliuliza, bila kuinua macho, kama mguu ungekatwa hata kama angepeleka chupa za kweli.

Daktari alifikiri kidogo. Angeweza kumdanganya mtoto, na pengine alitaka.

"Sidhani," alisema. "Ile rangi ya chungwa ingetuambia tuongeze kidonge kimoja. Ni hivyo tu, kidonge kimoja. Wewe uliona rangi mbaya kama aibu ya susu. Haikuwa aibu, ilikuwa habari, na sisi tulikuwa tukiingojea." Akafunga daftari. "Na mimi pia nina langu. Niliipenda ile bluu. Nilikuwa nimeshaisimulia Nairobi. Sikupanda mlima huu hata siku moja kumtazama mwenye chupa, na macho yangu mwenyewe yangetosha. Kwa hiyo nisikilize, kwa sababu nasema na wewe na ninajiambia. Ukikosea, sema kosa likiwa bado dogo. Siku ile ya matope lingekugharimu fimbo mbili na aibu ya asubuhi moja. Ulipoliacha likue, halikukudai wewe tena. Lilienda kumdai mwingine."

Nthenya aliitikia kwa kichwa. Alitaka kumwomba susu msamaha mbele ya daktari, kwa maneno mazuri aliyokuwa ameyapanga tangu Krismasi. Akageuka, akaanza kuyasema, lakini Syokau alikuwa ameshashika mkongojo akihangaika kuinuka kutoka kwenye mkeka.

"Hayo utaniambia njiani," susu alisema. "Mguu haurudi kwa maneno. Njoo unishike, unipeleke chooni. Na usigeuze uso."