Ujumbe Niliousoma Nusu

Mgeni alibisha hodi wakati bibi ameinamia cherehani nami namtungia uzi kwenye sindano. Kazi hiyo ilikuwa yangu tangu macho yake yalipoanza kuingia ukungu. Kazi yangu nyingine ilikuwa kusoma. Kila ujumbe ulioingia katika simu yake niliusoma kwa sauti, naye akisikiliza huku akiendelea kushona.

"Karibu, baba," bibi alisema, ingawa uso wa mtu hakuuona.

Alikuwa kijana nadhifu, kitambulisho kikining'inia kifuani. Aliamkia kwa adabu, akakaa kwenye kigoda.

"Nimetumwa na benki, bibi. Akaunti yako inafungwa leo jioni usipothibitisha taarifa zako."

Mguu wa bibi ulisimama juu ya kanyagio. Humo benki mlikuwa na fedha za kutolewa mtoto wa jicho, miaka mitatu ya kushona sare za wanafunzi wa mtaa mzima. Hospitali ilikuwa imempangia mwezi ujao, macho yote mawili.

"Nifanye nini, mwanangu?"

"Hakuna kazi. Nitajie namba ya akaunti, kisha utaletewa namba nyingine kwenye simu. Unisomee tu."

Bibi alimtajia. Punde simu ililia. Niliichukua kama kawaida yangu, nikasoma kwa sauti: "Namba yako ya uthibitisho ni nne, saba, moja..." Nilipofika tarakimu ya sita, kijana aliinua mkono.

"Inatosha, mdogo wangu. Wewe unasoma vizuri sana."

Nilifurahi kusifiwa, nikaiweka simu chini.

Alipokwisha kuondoka, bibi aliuliza, "Ujumbe uliishia pale?"

"Hapana, bibi."

"Basi umalizie."

Nikasoma: "Usimpe mtu yeyote namba hii, hata akijitambulisha kuwa mfanyakazi wa benki." Bibi alikuwa amekwisha kusimama kabla sijafika mwisho.

Tulikwenda benki mbio, bibi amenishika bega. Karani, mama mmoja mwenye miwani, alisikiliza maneno machache tu, akaifunga akaunti papo hapo. Kisha akavua miwani.

"Mmewahi, mama, lakini zaidi ya nusu imekwenda. Mkaripoti polisi, ila sitawadanganya. Mara nyingi hairudi."

Bibi alihesabu kwa vidole. "Iliyobaki inatosha jicho moja," alisema. Akanigeukia, akajaribu kutabasamu. "Basi nitakuona nusu. Nitachagua ile nusu nzuri."

Hapo ndipo nilipolia. "Ni mimi niliyesoma."

Karani alizunguka meza, akachuchumaa mbele yangu. "Sikiliza, binti. Namba ile tunaituma sisi, hivyo hatuna haja ya kukuuliza. Anayeiomba ni mwizi, hata akivaa kitambulisho. Na mtu akikuharakisha, mwache palepale, uje hapa mwenyewe uulize. Lakini usijifiche. Aliyeibiwa akinyamaza kwa aibu, wao wanahamia nyumba ya pili. Utawaambia wenzako?"

"Nitawaambia."

Kuahidi kulikuwa rahisi. Darasani kwetu mimi ndiye niliyekuwa kinara wa kusoma, na sifa hiyo niliipenda kuliko kitu chochote. Jumatatu nilimwomba mwalimu ruhusa, nikasimama mbele, nikaeleza yote.

"Kumbe bingwa wetu kasoma mpaka nyumba ikaibiwa," alisema mvulana tunayemwita Redio, maana hazimiki. "Tarakimu Sita!"

Darasa zima likacheka. Mwalimu aliinuka kuwanyamazisha, lakini nilikuwa nimekwisha kufungua karatasi niliyonakilia ujumbe ule. Nilisoma tangu mwanzo. Kwenye tarakimu ya sita sikusimama. Niliendelea hadi neno la mwisho, na kicheko kikaisha chenyewe.

Wakati wa mapumziko Redio alinifuata, macho yake chini. "Nipe hiyo karatasi niinakili. Shangazi yangu hajui kusoma."

Hata hivyo, kufikia jioni shule nzima ilikuwa ikiniita Tarakimu Sita.

Nyumbani nilimkuta bibi kwenye cherehani, akipapasa tundu la sindano kwa kidole.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wamecheka?"

"Wamecheka, bibi."

"Ulimaliza kusoma?"

"Nilimaliza."

Akanipa uzi. Niliutunga, na cherehani ikaanza kulia tena, taratibu.