Nilisema Kiungulia, Yeye Akasema Kifua

"Mama, hii siyo bima."

Nilidhani sijasikia vizuri...

"Unasemaje?" nikamuuliza yule karani wa hospitali.

"Hii kadi yako. Siyo ya bima. Hawa ni watu wanaochangiana tu."

Nyuma ya mlango wa chumba cha dharura, wapendwa, mume wangu Royce alikuwa amelala kifua wazi, nyaya zimemzunguka kama mti wa Krismasi! Asubuhi ile ile alikuwa anakaza kamba ya turubai nje ya trela letu. Akashika mkono wake wa kushoto. Akaniambia, "Bosi, ngoja nikae kidogo..."

Hakukaa. Alianguka!

Jirani yetu Garland ndiye aliyemdaka, akamtupia garini, akaendesha kama mwizi hadi hospitali.

"Mtibuni kwanza, nakuombeni!" nililia.

"Wanamtibu tayari, mama. Dharura hatumrudishi mtu. Ila baadaye lazima pawe na wa kulipa."

Nikashusha pumzi. Wa kulipa alikuwepo. Dada Lorraine alikuwa ameniahidi.

Jamani... ngojeni niwarudishe nyuma.

Naitwa Nadine. Nilikuwa mpishi wa shule kule Ohio. Royce alikuwa fundi wa nguzo za umeme. Kampuni yao ilipotoa nafasi ya kustaafu mapema, tuliuza nyumba, tukanunua trela la kuishi, tukaingia barabarani. Watoto wetu walisema tumerukwa na akili. Tukawaambia tutawatumia picha.

Shida ilikuwa moja tu. Bima ya afya!

Ukiacha kazi, bima nayo inakuacha. Ile ya serikali ya wazee inakusubiri ufike miaka sitini na mitano. Royce alikuwa na hamsini na saba. Hapo katikati ni korongo, na unalivuka mwenyewe.

Sisi watu wa barabarani tuna mtindo wetu. Tunakodi anwani South Dakota, tunalala kule usiku mmoja, tunapewa leseni ya udereva... tayari, wenyeji! Basi bima tuliyonunua ilifuata anwani. Madaktari wake wote wako South Dakota. Sisi je? Baridi ikianza tuko jangwani Arizona.

"Sasa Nadine mpenzi," Lorraine aliniambia siku moja tukisuuza vikombe, "utaugua kwa ratiba? Kikohozi kikikushika unawasha gari unaenda South Dakota?"

Nilicheka. Lakini neno lilinichoma.

Lorraine ni mke wa Garland, na ndiye aliyekuwa anaongoza duara letu la maombi pale kambini. Jumapili tunapanga viti vya kukunja mchangani, kahawa, keki ya mdalasini, halafu sala. Mimi kusoma vizuri nilijifunza ukubwani, shule ya jioni. Nikisoma Neno nasoma polepole. Lorraine hakuwahi kunicheka hata siku moja. Ningemkabidhi roho yangu yule mwanamke!

"Kuna Ushirika wa Kisima cha Rehema," akatuambia. "Waumini wanabebeana mizigo. Popote Marekani! Na bei ni nusu ya hiyo yenu."

Royce akakuna kichwa. "Ni bima?"

"Ni bora kuliko bima, kaka Royce. Ni undugu!"

Mmelisikia hilo jibu? Mtu kaulizwa ndiyo au siyo...

Januari tukaacha bima yetu, tukaingia kwenye undugu. Februari, Royce akaanguka.

Mungu ni mwema. Walimwekea kijibomba kwenye mshipa wa moyo, akafungua macho, akauliza kama turubai limeng'olewa na upepo. Nililia kwa furaha.

Nikarudi kwa yule karani. Nikamweleza kuhusu bima ya zamani.

Akaniangalia kwa huruma. "Ile ingelipa, mama. Dharura inalipwa hata nje ya jimbo."

Na sisi tulikuwa tumeiacha Januari!

Nikapiga simu kwenye ushirika. Akapokea dada mwenye sauti tamu kama asali. Akanisikiliza, akaniweka kwenye muziki wa dini, akarudi.

"Pole sana, dada Nadine. Hitaji lenu halistahili kuchangiwa."

"Kwa nini?!"

"Mumeo alikuwa na maumivu ya kifua kabla hajajiunga."

"Uongo! Nani kasema?"

"Wewe, dada. Kwenye mnyororo wetu wa maombi, jumbe tunazotumiana waumini ili tuombeane. Mwezi wa Novemba."

Novemba? Ikanijia kama kofi. Baada ya Siku ya Shukrani, Garland alipika maharage ya pilipili, na Royce akala vibakuli vitatu kwa kushindana naye! Jumapili yake, watu wakicheka, nilisema kwenye duara, Lorraine akiandika maombi yetu kwenye simu ayatume: "Mwombeeni Royce wangu, kiungulia kinamtesa."

KIUNGULIA!

"Dada, sikusema kifua! Nilisema..."

"Tutawaombea sana," akasema. Simu ikakatika.

Nilimkuta Lorraine kwenye bomba la kambi akijaza tangi lake.

"Nadine mpenzi! Mgonjwa anaendeleaje?"

"Uliandika nini kwenye mnyororo wa maombi?"

"Ombi lako."

"Mimi nilisema kiungulia, Lorraine."

Akacheka kidogo. "Sasa kiungulia nani atakifungia kula? Niliandika maumivu ya kifua, ili watu waombe kwa uzito. Nilikuwa nakusaidia!"

Ningemsamehe hapo hapo, haki ya Mungu ningemsamehe. Sisi watu wa sala tunaongezaga chumvi, nawajua, najijua. Lakini kuna kitu kilikuwa kinanikera moyoni.

"Ushirika walikupigia kukuuliza?"

Maji yakaanza kufurika kwenye tangi.

"Lorraine. Walikupigia?"

"Walinipigia."

"Ukawajibu nini?"

"Nikasema... ndivyo nilivyoandika."

"Neno moja tu! Ungesema kiungulia, yakaisha!"

"Ningeonekana mwongo, Nadine!" Akageuka mwekundu. "Mimi ni balozi wao. Nina jina pale. Na wewe una imani, Mungu atakufungulia mlango mwingine."

Jina lake! Mume wangu ana kijibomba moyoni, trela letu ndilo nyumba pekee tuliyo nayo duniani, na yeye anachunga jina!

Niliondoka kabla mkono haujaniponza.

Royce aliporuhusiwa, alijilaza kitandani ndani ya trela, akaniambia, "Bosi, hospitali wakilitaka hili trela kwa deni lao, waachie. Twende zetu nyumbani."

"Nyumbani wapi, Royce?"

Tukatazamana. South Dakota tulilala usiku mmoja tu, na Royce alilalamikia godoro! Tukacheka mpaka tukalia. Halafu tukalia kweli.

Jumapili nilikwenda kwenye duara. Msiniulize kwa nini. Labda nilitaka kumsamehe.

Palikuwa na wageni, Curtis na mkewe Bettina, wamestaafu mapema kutoka Michigan, trela lao bado linanukia upya. Lorraine akawashika mikono.

"Karibuni nyumbani! Hapa hakuna siri. Tuambieni, ni ugonjwa gani tuwaombee?"

Bettina akafungua mdomo...

"Usijibu!" Nilikuwa nimesimama. Hata sijui nilisimama saa ngapi.

"Nadine, kaa, mpenzi," Lorraine akasema kwa sauti ya upole. "Jamani, dada yetu ana uchungu. Tumwombee."

"Uchungu ninao! Bettina, kabla hujataja ugonjwa, muulize huo ushirika wake ni bima au siyo bima. Mimi mume wangu hakulipiwa hata bendeji!"

Bettina akamgeukia Lorraine taratibu. "Kwani nyie wenyewe mmo humo?"

Lorraine akainua macho juu. "Bwana ndiye ngao yangu."

Na hapo, wapendwa, Garland akaweka kikombe chini. Garland, ambaye kwenye duara huwa anasema amina tu!

"Ngao yako iko kwenye pochi yangu, Lorraine."

Akaichomoa. Akainyanyua watu waione.

Kadi ya bima! Ya kweli! Ya kazi yake ya zamani ya zimamoto, inalipa majimbo yote, yeye na mkewe! Lorraine hakuwahi kuwa mwanachama wa ule ushirika hata siku moja. Alikuwa anawaingiza watu tu, na kila mtu anayeingia, yeye anapewa asante yake!

"Garland!!"

"Nimechoka, mama. Mimi ndiye niliyemdaka yule bwana."

Curtis akakunja kiti chake. Mwingine akakunja chake. Duara likaisha bila amina.

Hospitali ile ina mfuko wa kuwasaidia wenye kipato kidogo. Tuliomba, wakafuta sehemu kubwa ya deni, na iliyobaki tunailipa polepole. Trela bado ni letu. Royce anafungua geti la kambi asubuhi, amekonda, na maharage ya pilipili anayaona kwa macho tu. Msimu wa kujiandikisha ulipofika Novemba, tulinunua bima kamili. Nilisoma kila neno, polepole kama kawaida yangu.

Sisemi mchango ni mbaya. Nimechangia misiba, nami nimechangiwa. Lakini mchango unatoka moyoni, na moyo unaweza kukataa. Bima haina moyo. Inabanwa na sheria, ndiyo maana inalipa. Ukiuliza "ni bima?" ukajibiwa "ni bora kuliko bima", chukua kiti chako ukimbie!

Kusali sijaacha, na sitaacha. Ila siku hizi naingia ndani ya trela, nafunga mlango, naongea na Baba peke yake. Namwambia kiungulia cha Royce kimerudi.

Yeye hajawahi kukiita kitu kingine.