Salfa Katika Mzigo wa Bibi

Kila alfajiri ya mwezi wa saba, kabla jua halijakausha umande, kijiji cha Chilangala kilivuma kwa mashine za kupulizia salfa. Winfrida, msichana wa darasa la sita, alijifunga kitambaa puani akambebea baba yake mfuko wa unga ule wa njano, kutoka mkorosho hadi mkorosho. Bila salfa, ubwiri, ule ukungu mweupe wa mikorosho, ungeyafunika maua yote na mikorosho isingezaa. Kazi ikiisha alioga maji kidogo, maana maji ya uwanda wa Newala hayachezewi, kisha akakimbilia shule. Harufu ilibaki nyweleni.

"Kiberiti huyo! Msimkaribie, atawaka!" wavulana walimtania.

"Nikiwaka nitaanza na madaftari yenu," alijibu. "Hayana kitu ndani, hamtapata hasara."

Walicheka wote. Lakini jambo la kuwaka Winfrida hakulifanyia mzaha moyoni. Mwaka uliopita cheche ya mashine iliangukia salfa. Ukazuka moto wa buluu, na moshi wake ukamkaba baba yake koo hata akashindwa kuita.

Siku zile habari njema zilikuwa zimefika: vita vya Msumbiji vimekwisha. Bibi Anastasia, mama yake baba, alizaliwa Mueda. Alivuka mto Ruvuma akiwa kijana, akikimbia vita vya zamani, na nyuma yake akamwacha mdogo wake wa tumbo moja, Getrude. Sasa Getrude alikuwa mgonjwa sana. Alituma salamu fupi: "Mwambieni dada aje nimwone."

Serikali ilikuwa imeanza kuruhusu watu binafsi kuendesha kampuni za ndege, na ndege ndogo moja ilisafiri kutoka Masasi kwenda Pemba ya Msumbiji. Parokia ikamwombea Bibi kiti.

Mchana wa kufunga mizigo, Bibi alimwita Winfrida chumbani.

"Njoo, mke mwenza," alisema akitabasamu. "Chukua mfuko huu wa salfa, uufukie katikati ya unga wa muhogo. Mikorosho ya Getrude inaangamia kwa ubwiri, na huko dawa haipatikani."

"Bibi, kwenye ndege wanaruhusu?"

"Nani atawaambia? Hata baba yako asijue. Nisipompelekea ndugu yangu kitu cha maana, nimekwenda kufanya nini?"

Winfrida alimpenda Bibi kuliko alivyoweza kusema. Akaufukia mfuko.

Kesho yake Baba aliwateremsha Bibi na Winfrida, aliyekwenda kumsindikiza, kutoka uwandani hadi kiwanja cha ndege cha Masasi. Rubani alikuwa amesimama kando ya mizani. Aliitwa Kapteni Ladislaus, mzaliwa wa Lukuledi.

"Shikamoo, Kapteni," Winfrida alimsalimu. "Nimesikia mtatua Mtwara kwanza. Kwa nini mzunguke, na Msumbiji ni hapo tu ng'ambo ya mto?"

"Marahaba. Swali zuri," alisema Kapteni. "Wewe kwenu, jirani akikatiza uani bila hodi, mnamwonaje?"

"Hana adabu."

"Basi anga nayo ina wenyewe. Vita kuu ya pili ya dunia ilipokaribia kwisha, nchi nyingi zilikaa zikaandika mkataba: anga iliyo juu ya nchi ni ya nchi hiyo. Sisi tumo katika mkataba huo, na Msumbiji wamo. Kwa hiyo naaga Mtwara, kwa watu wa uhamiaji na forodha, kisha napiga hodi kwa wenzetu."

"Na mizigo?"

"Mizigo nayo ina kanuni zake, na nchi hizo zote zimekubali kuzifuata. Kitu cha kuwaka hakiingii ndani ya mizigo ya abiria. Petroli, mafuta ya taa, hata salfa yenu ya mikorosho. Lori likiwaka, dereva ataegesha. Mimi nitaegesha wapi, juu ya wingu?"

Abiria walicheka. Winfrida hakucheka. Alimtazama Bibi, na Bibi akatazama pembeni.

Zamu yao ikafika. "Bibi, shikamoo. Humu umefunga nini?"

"Marahaba, mwanangu. Unga wa muhogo tu."

"Hakuna dawa ya shamba?"

"Hakuna."

Kapteni alikwisha kuunyanyua mzigo. Nyuma yao alisimama mama mmoja wa Masasi, jina lake Faidha, mtoto wake mchanga amelala mgongoni. Winfrida alikiona kisigino kidogo kikining'inia nje ya kanga. Akauona tena ule moto wa buluu. Akijua kabisa kwamba huenda Bibi akanyimwa safari, na Bibi Getrude akafa bila kumwona dada yake, alifungua kinywa.

"Kapteni, ngoja. Humo mna salfa. Mimi ndiye niliyeitia."

"Winfrida!" Bibi alimgeukia. "Unanivua nguo mbele za watu?"

"Nisamehe, Bibi. Nataka ufike."

Baba aliinamisha kichwa kwa aibu. Kapteni akafungua mzigo. Mfuko wa salfa ulikuwa umepasuka, na unga wote wa muhogo umegeuka njano.

"Huu hauwezi kupanda," alisema taratibu. "Salfa ina njia yake, Bibi. Inafungwa inavyotakiwa, inatangazwa forodhani, inavushwa na wafanyabiashara. Lakini wewe kiti chako kipo."

"Sipandi," alisema Bibi, akaketi chini. Machozi yalimtoka. "Miaka yote hii, leo nimtokee Getrude mikono mitupu? Bora nirudi Chilangala."

Winfrida alipiga magoti mbele yake. "Bibi, alituma salamu akitaka nini?"

Bibi alijifuta pua kwa ncha ya kanga.

"Alisema, 'Aje nimwone.' Hakutaja dawa, Bibi. Hakutaja unga. Amekutaja wewe."

Hapo Faidha alisogea, akakifungua kikapu chake cha korosho zilizobanguliwa. Akazigawa, nusu akazimimina katika kanga ya Bibi.

"Pokea, mama yangu," alisema. "Mjukuu wako amemlinda mwanangu. Na wewe hutaingia kwa ndugu yako kama mkiwa."

Bibi alizitazama zile korosho, kisha akamtazama yule mtoto aliyelala. Akajifuta machozi, akainuka.

"Mwanangu Kapteni, nimekudanganya. Unisamehe." Akamgeukia mwanawe. "Baba Winfrida, usimgombeze mtoto. Kosa ni langu."

Kisha akamkumbatia Winfrida, akamshika kwa nguvu.

"Nisikilize, mke mwenza. Nilidhani upendo unatosha kuhalalisha uongo. Hautoshi. Sheria hii sikuijua tulipofunga mzigo, lakini kuficha nilijua ninaficha, na hapo ndipo nilipopotea. Siku nyingine mtu mzima akikuambia ufiche, hata akiwa mimi, sema kama ulivyosema leo. Kweli yako imenichoma usoni tu. Uongo wangu ungetuchoma wote."

Faidha alimpa Bibi mtoto ampakate, naye Kapteni akamshika Bibi mkono, akampandisha ndani ya ndege, kwenda kuonwa na ndugu yake.